Beti Mbili za Dánjal

Katika kijiji cha Grótvík, kwenye visiwa vya baridi vya ufalme wa Denmark, mtoto aliujua wimbo wa Dánjal kabla hajaijua Baba Yetu. Hakuna aliyemfundisha. Aliuokota tu, kama anavyookota mafua. Vijiji vingine vya visiwa vile vilikuwa na nyimbo za wafalme na majoka na mabinti waliofungiwa minarani, lakini hizo kila kijiji kilikuwa nazo. Wimbo wa Dánjal ulikuwa wa Grótvík peke yake. Timu ya mpira ikifunga bao, uliimbwa. Mtu akioa, uliimbwa. Na watu wawili wa Grótvík wakikutana Kopenhagen, kabla ya kuulizana habari za nyumbani mmoja angeanza kiitikio chake kwa sauti ya chini, “Usilie Dánjal wetu,” mwenzake angemjibu, “nchi kavu i karibu,” na wote wawili wangecheka mpaka machozi.

Oddvá alikuwa binti wa huyo Dánjal.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Dánjal alikuwa barobaro tu, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Kundi la nyangumi lilionekana mlangoni mwa ghuba, mashua zikashushwa kwenda kuwawinda, na ile aliyopanda yeye ikapinduliwa na wimbi karibu na ufuko. Wimbo unasema Dánjal alipiga yowe, akamlilia mama yake, akamkabidhi Mungu roho yake, na muda wote huo maji yalikuwa ya magoti. Aliyeutunga ni Jákup, mshika usukani wa mashua hiyohiyo, mtu mwenye ulimi mkali na mashamba mengi. Akautunga vizuri, hilo hata Oddvá hakuweza kulikana. Kulikuwa na ubeti uliosema:

Alimwita mama yake, maji yakiwa gotini,
kauaga ulimwengu, kaa wakicheka chini.

Desturi ya visiwani ni kwamba mtu akitungiwa wimbo wa dhihaka hushikwa na wanaume wawili wenye nguvu, mmoja huku na mmoja huku, akachezeshwa ndani ya duara mpaka ubeti wa mwisho, asikose hata neno. Akiweza kucheka, yamekwisha, yu mwenzao kama jana. Dánjal hakucheka. Waliomshika walisimulia baadaye kwamba walimburuta kama gunia la viazi. Alipoachiwa alichukua kofia yake akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena jumba la ngoma.

Hakuhama, ingawa wengi walidhani atahama. Alimwoa Billa, akakata samaki kiwandani mpaka alipostaafu, akafuga kondoo wake mlimani. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa. Oddvá alipokuwa mdogo aliambiwa ulivunjika zamani, naye hakuuliza zaidi, maana katika nyumba ile mambo ya zamani hayakuulizwa.

Kilichomtesa Oddvá ni kwamba aliipenda ngoma. Aliipenda kwa namna ambayo watu wengine hupenda pombe. Visiwani hakuna ala; kuna sauti na kuna sakafu ya mbao. Watu hushikana mikono, hatua mbili kushoto, moja kulia, duara linajikunja na kujikunjua ukumbini mpaka kila mtu amempita kila mtu uso kwa uso, na miguu mia inatua kwa pamoja. Hapo ndani Oddvá hakuwa binti wa mtu. Sauti yake ilikuwa ya kupasua ukungu, na alipofika makamo aliweza kuwa manju wa nyimbo ndefu za wafalme, beti baada ya beti, bila kukwama. Lakini wimbo ule ukianza, kila mara alikumbuka kwamba kahawa haijachemshwa. Aliuachia mkono wa kulia, akauachia wa kushoto, akaenda jikoni. Duara lilijifunga nyuma yake kama maji.

Manju wa wimbo wa Dánjal alikuwa Heini, mwana wa Jákup. Heini hakuruhusu uandikwe wala unaswe. Alisema wimbo ukilala kabatini huamka maiti. Basi mwaka ule, majira ya vuli, Heini alianguka zizini akafa, na watu walipotoka makaburini ndipo walipoanza kutazamana. Beti za mwanzo kila mtu alizijua. Za katikati, huyu alikuwa na kipande na yule ana kipande, na vipande havikuungana.

Wiki chache baadaye Rói, mwana wa Heini, aligonga mlango wa Oddvá. Alikuwa ndiye mwenyekiti mpya wa chama cha ngoma. Alifuatana na Marjun, jirani ya Oddvá, rafiki yake tangu shule. Oddvá aliwakatia nyama ya kondoo iliyokaushwa na upepo, akawawekea mkate na kahawa.

“Nyama yako mwaka huu imekubali,” Rói alisema. “Yangu imeingia ukungu.”

“Hukuja kunisifia nyama.”

Rói alicheka, akapangusa vidole. “Kiangazi kijacho vyama vyote vinakutana mjini Tórshavn. Kila kijiji kinapeleka wimbo wake. Wimbo ambao hakuna mwingine anao.”

“Mnao wimbo.”

“Tunao kichwa na mkia. Tumbo hatuna.” Alimtazama. “Wewe unalo.”

Ni kweli alikuwa nalo. Nani angeujua wimbo ule kuliko mtoto aliyeimbiwa akienda shule na akirudi? Alizijua beti zote jinsi mtu anavyojua mahali penye jino bovu.

“Sikuombi useme ni kweli,” Rói aliendelea. “Nani anajali leo kama ni kweli? Ni utani wa zamani. Watu wanampenda baba yako, Oddvá. Hakuna mtu aliyependwa Grótvík kama Dánjal.”

“Wanampenda yule wa kwenye wimbo.”

“Kuna mwingine?”

Marjun alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikwisha kutoka.

“Nitawaongozea wimbo wowote,” Oddvá alisema. “Ule, hapana.”

“Wowote kila mtu anao. Bila ule sisi ni kina nani? Kiwanda kimefungwa, shule imebaki na watoto wa kuhesabu kwa vidole. Ukiuficha, unakizika kijiji.”

“Basi nitakizika. Chukua nyama nyingine.”

Hakuchukua.

Watu wa Grótvík si watu wa kugombana. Hakuna aliyemtukana Oddvá. Ila dukani maongezi yaligeuka kuwa hali ya hewa kila alipoingia. Na kwenye ngoma, Jumamosi zile za baridi, aliponyoosha mkono kuingia kwenye duara, mikono ya watu ilikuwa tayari imeshikana, imekazwa, na wenyewe wanatazama mbele kama hawakumwona. Alisubiri pengo. Duara lilizunguka likampita, likazunguka tena likampita. Mwishowe Marjun alimfungulia, naye akaingia akiwa amekwisha kuona haya, na siku hiyo sauti yake haikutoka vizuri. Akarudi nyumbani akijichukia, maana alitambua kwamba angekuwa tayari kulipa chochote ili mikono ile ifunguke. Chochote ila kile walichokitaka.

Wakati huo Dánjal alikuwa nyumba ya wazee, upande wa pili wa handaki la barabara lililotoboa mlima. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kumwaga vitu. Siku nyingine alimwita Oddvá kwa jina la dada yake aliyekufa. Siku nyingine alimwamkia kwa adabu kama mke wa mchungaji. Jambo moja tu lilimshangaza Oddvá: miguu ya mzee, akiwa amekaa kitini, ilikuwa ikienda. Mbili kushoto, moja kulia.

“Unacheza, baba?”

“Nani anacheza? Baridi tu.”

Ikafika Jumapili ya kabla ya Kwaresima. Ni siku ambayo Grótvík hucheza mchana ili watoto na wazee nao wawepo. Mwaka ule nyumba ya wazee iliwaleta wote wanaoweza kukaa kwenye basi, na muuguzi mgeni, msichana wa kutoka kisiwa cha kusini, hakujua ni nani hapelekwi wapi. Oddvá alipoingia ukumbini alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha ukutani, kikombe mkononi, blanketi magotini. Ilikuwa mara yake ya kwanza mle tangu ujana wake.

Oddvá alimkimbilia muuguzi. “Nani amekwambia umlete?”

“Mwenyewe. Alipanda wa kwanza.”

Walicheza wimbo wa mfalme mmoja, walicheza na mwingine. Halafu Rói akakaza mikono ya waliokuwa kando yake, akaanza ule. Hakumtazama Oddvá. Labda alidhani akiuanza utajimaliza. Oddvá alikwenda jikoni, akajaza maji kwenye birika, akalibandika motoni.

Kutoka kule alisikia beti za mwanzo na kiitikio kikiezua paa. Kisha akasikia Rói akipoteza njia. Alirudia ubeti. Akaurudia tena. Miguu haikusimama, maana miguu ya duara haisimami kwa ajili ya manju aliyesahau. Iliendelea kutua, mbili na moja, juu ya wimbo usio na maneno. Na katika huo utupu ilianza sauti nyingine, nyembamba, ya kukwaruza, lakini imeshika mapigo barabara:

Alimwita mama yake, maji yakiwa gotini . . .

Oddvá alitoka jikoni na birika mkononi. Dánjal alikuwa amesimama. Blanketi lilikuwa sakafuni. Alikuwa akiimba tumbo la wimbo, ubeti kwa ubeti, hakosi, na Rói na mwanamume mwingine mrefu walikuwa wamelifungua duara na kumwingiza, wakamshika mikono na makwapa, mmoja huku na mmoja huku, asianguke. Watu walikuwa wakilia kwa furaha. Mama mmoja alikuwa ameinua simu ili asikose kitu.

Oddvá alitaka kwenda kumtoa. Lakini alimwona uso. Mzee alikuwa akitabasamu na watu aliokuwa akipita mbele yao, mmoja baada ya mmoja, kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta wote wazima. Miaka yote ile alikuwa amekaa jikoni kwao dirisha likiwa wazi, hata wakati wa theluji, na Billa akilalamika juu ya baridi. Jumba la ngoma lilikuwa chini tu ya nyumba yao. Oddvá akaelewa sasa dirisha lilifunguliwa kwa nini, na hasira yake ikakosa pa kwenda.

Ndipo Dánjal akaimba beti ambazo Oddvá hakuzijua.

Maji yalikuwa goti, kwa yule wa kusimama;
chini ya mashua, chali, goti ni bahari nzima.

Kiitikio hakikuja. Miguu ilitua, midomo ikabaki wazi. Mzee alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi ya kusema, kisha akaendelea:

Jákup mshika sukani, mbio mpaka nyumbani;
suruali imelowa, wala si maji ya pwani.

Oddvá aliutazama mkono wa baba yake, ule wa kushoto, uliokunjamana kwenye kiganja cha Rói, mjukuu wa Jákup. Rói alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Zilisikika mbao tu.

“Usilie Dánjal wetu,” Oddvá aliimba kutoka mlangoni, peke yake, birika likimchoma mkono, “nchi kavu i karibu.”

Hakuna aliyeitikia naye. Rói aliurukia ubeti uliofuata, kwa nguvu, maana alikuwa ameukumbuka. Na ukumbi mzima ukaudaka kama watu waliokuwa wakizama wakapata kamba. Dánjal naye akafuata, bila kinyongo. Aliimba mpaka mwisho.

Walipomrudisha kitini alikuwa akihema na amechangamka. Oddvá alimfunika blanketi.

“Baba, zile beti mbili ulizitunga lini?”

“Beti zipi?”

“Za Jákup. Za mashua.”

Alifikiri, akachoka kufikiri. “Wimbo mtamu,” alisema. “Huyo Dánjal alikuwa mtu wa wapi?”

“Wa hapahapa.”

“Masikini. Lakini wimbo mtamu.” Akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Mwezi uliofuata chama kilikutana. Wimbo sasa walikuwa nao wote, kwenye simu ya yule mama, na Oddvá alisimama akaomba jambo moja tu: beti mbili za baba yake ziingie mahali alipoziweka yeye.

“Oddvá,” Rói alisema kwa upole, “mzee ni mgonjwa. Kesho akiimba kwamba mfalme wa Denmark ni mbuzi, nalo tulitie?”

Watu wakacheka, si kwa ubaya.

“Mgonjwa hatungi hivi,” Oddvá alisema. “Sikilizeni vina. Sikilizeni mizani. Hizi zimepigwa randa miaka na miaka. Alikuwa nazo tayari, akingoja mtu amwite.”

“Babu yangu amekufa, hawezi kujitetea.”

“Baba yangu alijitetea lini?”

“Wimbo si mahakama, dada.” Sasa upole ulikuwa umepungua. “Na wimbo si wa babu yangu wala wa baba yako. Ni wa kijiji. Kijiji kiamue.”

Kijiji kikaamua. Wanaotaka beti ziingie wanyooshe mikono. Oddvá alinyoosha wake, na mzee mmoja kiziwi akanyoosha wake, kisha akaambiwa jambo lenyewe akaushusha. Marjun alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Kesho yake walikutana nje ya duka, upepo ukiwapeperusha mifuko.

“Najua ni kweli,” Marjun alisema. “Baba yangu alikuwa kwenye mashua ile. Alinisimulia mara moja, amelewa. Mashua ilimlalia Dánjal mkono, na Jákup akamruka kama kizingiti. Waliorudi kumtoa ni wengine.”

“Na hukunyoosha mkono.”

“Oddvá, mimi ninaishi hapa.”

“Mimi ninaishi wapi?”

Marjun alitazama baharini, akasema mvua inakuja. Na kweli ilikuja.

Dánjal alifariki kondoo walipokuwa wakizaa. Kijiji chote kilimzika. Kaburini waliimba zaburi za kale, polepole, kila sauti ikivuta upande wake kama ilivyo desturi, na Oddvá alizisikia sauti zile zikimzunguka na kumshika kiunoni zisimwache aanguke, na akawachukia, na akajua kwamba bila wao asingeweza kusimama pale. Rói alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alilia. Alisema Grótvík haitampata tena mtu kama yule.

Kiangazi walikwenda Tórshavn, na Oddvá akaenda nao. Walimwomba, na safari hii mikono ilifunguka mapema. Alijiambia anakwenda kwa sababu moja: mahali pale pakifika, ataziimba beti zile kwa sauti yake yote, na aone nani atazisikia. Alikuwa amezisema mbele ya kioo. Alikuwa amezisema zizini.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa visiwa vyote. Rói aliongoza. Kushoto kwake Oddvá alishikwa na Marjun, kulia na kijana aliyewahi kufanya kazi kiwandani, viganja vya joto, vya kirafiki. Ubeti wa kaa wakicheka ukapita, na ukumbi ukaangua kicheko. Oddvá alivuta pumzi. Lakini duara halina mlango. Mguu uliokuwa utue kwenye neno lake ulikuwa tayari umetua kwenye neno lingine, mia mbili kwa pamoja, na mikono ikamvuta kushoto, na alipofungua kinywa kilichotoka ni ubeti uliofuata, ule wa Jákup, mzuri, umenyooka, kwa sauti yake ya kupasua ukungu. Hakukosa hata neno mpaka mwisho.

Walipigiwa makofi kuliko kijiji chochote.

Baadaye, kwenye meza ya keki, msichana mmoja wa kisiwa cha kaskazini alimjia, mashavu yamemwiva kwa kucheza.

“Mama, una sauti, hongera. Wimbo wenu umenivunja mbavu.” Alimeza kipande cha keki. “Hebu niambie, huyo Dánjal alikuwepo kweli, au ni wa kubuni?”

Marjun alikuwa karibu, kikombe mdomoni. Rói naye aligeuka kidogo.

“Wanasema alikuwepo,” Oddvá alisema.

Msichana alicheka, akaenda kutafuta wenzake. Rói alimwekea Oddvá kipande kikubwa cha keki kwenye sahani, naye Oddvá akakila chote akiwa amesimama katikati ya watu wa kwao.